Nyumba Aliyopewa Mwikali

Kwa zaidi ya miaka ishirini niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha masomo ya jioni, kwamba Uingereza kila mtu hupewa nyumba na serikali. Si kukopeshwa, si kupangishiwa. Kupewa. Unafikisha miaka ishirini na moja, posta inakuletea bahasha, ndani ya bahasha mna ufunguo. Hata mgeni akifanya kazi huko miaka mitano bila kugombana na polisi, naye anapewa wake. Na rangi ya mlango inategemea ulivyopiga kura. Chama chako kikishinda, mlango unapakwa rangi ya chama, mwekundu au wa buluu. Kikishindwa, unapewa mlango wa mbao tupu na unaambiwa ungoje uchaguzi mwingine.

Msicheke bado. Uvumi huo nusura umnyime dada yangu Mwikali sehemu yake ya shamba la baba huko Kalama, na mkono uliomwacha nje ya orodha ni huu ninaoandikia. Nimestaafu mwezi uliopita. Kiti changu amekichukua Kevo kabla hakijapoa, na mkubwa wa ofisi ameniomba niwaandikie nyinyi vijana kurasa chache kuhusu kazi. Vyeo nitaviruka kwa sababu vilikuwa vichache, na mshahara nitauruka kwa sababu hiyo hiyo.

Aliyeniletea habari za ufunguo ni Mwania, dereva wa lori la simiti wa Athi River, ambaye tulikaa naye dawati moja shule ya jioni. Madawati yalikuwa ya watoto wa darasa la tatu. Magoti yetu yalifika masikioni, na mwalimu akikuuliza swali ulisimama pamoja na dawati. Mwania alikuwa amefika Mombasa, Kampala na mpaka wa Kongo. Sisi wengine safari yetu ndefu ilikuwa Kithimani siku ya soko, kwa hiyo mtu kama yeye hakuwa wa kubishiwa. Alisema ameelezwa na mwenzake, aliyeelezwa na Mzungu. Mimi nikaona ushahidi umekamilika.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumchapia wakili mmoja hapa mjini kwa taipureta. Herufi M ilikuwa imekwama, na hebu fikirieni Machakos bila M. Nilikigandamiza kibonyezo kile hadi kidole kikaota misuli. Naamini hadi leo ningeweza kuinua ndoo ya maji kwa kidole hicho peke yake. Halafu ikafunguliwa hii ofisi yetu ya kuchapa maneno yaliyorekodiwa, juu ya duka la mabati na misumari, na nikasikia wanatafuta watu wanaochapa haraka na wanaosikia Kiingereza. Nilisema nakisikia vizuri sana. Sikuwa nimekisikia kile cha Waingereza wenyewe.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Bi Zuhura, msimamizi wetu. Wakongwe mnamkumbuka. Kwao ni wale wenye duka la vitambaa karibu na msikiti, wazee wao walitoka pwani zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Changu kilikuwa bado kina makunyanzi ya Kikamba, na hakunificha. Alinikabidhi hedifoni, kompyuta na pedali ya mguu. Pedali ndiyo kazi yenyewe, msidanganywe na kibodi. Ukikanyaga, sauti inakwenda. Ukiachilia, inasimama na kurudi nyuma kidogo ili usikie tena. Wiki ya kwanza niliikanyaga kama ninateremka vilima vya Mua kwa lori la Mwania lisilo na breki. Watu walizungumza kama nyuki, nami nikachapa kama nyuki.

Bi Zuhura alikuja akasimama nyuma yangu na karatasi mkononi.

"Bwana Musyoka, hapa mtu huyu amesema nini?"

"Amesema kodi ya nyumba imepanda."

"Mimi nimesikiliza. Amesema kodi imepanda tena. Hiyo 'tena' umeipeleka wapi?"

"Niliona haina kazi, Bi Zuhura."

"Wewe ndiye unayelipa hiyo kodi?"

"Hapana."

"Basi mwenye kulipa anajua kama ina kazi. Irudishe."

Kisha akanipa sheria ambayo nimewarudieni nyote hadi mkachoka nayo: unaandika ulichosikia, na unachokijua unakiacha mlangoni pamoja na mwavuli. Niliifuata sheria hiyo ofisini miaka yote. Nilipotoka ofisini, niliuchukua mwavuli na vyote nilivyovijua.

Kazi nyingi zilitoka Uingereza. Huko kuna watu wanaoishi kwa kuwauliza wenzao maoni. Wanawakusanya wananchi wanane ukumbini, wanawapa chai na biskuti, wanawauliza kuhusu uchaguzi unaokuja, na kinasa sauti wanakiweka katikati ya biskuti. Nimesikia biskuti nyingi sana zikitafunwa maishani mwangu. Naweza kufunga macho nikawaambia hii ni ya tangawizi. Mwulizaji anataka kujua mambo ya vyama. Wananchi wanampa vyama dakika tano, labda sita, halafu mmoja anataja kodi ya nyumba, na hapo mwulizaji amekwisha. Hamrudishi mtu kwenye vyama tena mpaka jioni.

Mengine nimeyachapa mara nyingi hadi vidole viliyajua kabla ya masikio. Kijana wa miaka thelathini na nne bado analala katika chumba cha utotoni kwa mamake, picha za wachezaji mpira zingali ukutani. Mzee anamwambia angepunguza kahawa angekuwa na nyumba. Kijana anamjibu, wewe ulinunua yako kwa bei ya baiskeli. Kuna ukungu mweusi ukutani na mwenye nyumba anamwambia mpangaji afungue dirisha, na ni wakati wa baridi. Kila mgombea ameahidi kujenga nyumba mpya, na kila mtu ukumbini anataka zijengwe, mradi tu zisijengwe mbele ya dirisha lake.

Uchaguzi wao nao ulinishangaza. Wanapiga kura kwa penseli iliyofungwa kamba. Nilipoieleza habari hiyo nyumbani Kalama, ndugu yangu Nzioka aliweka kijiko cha muthokoi chini.

"Penseli?"

"Penseli."

"Na kifutio anashika nani?"

"Hakuna kifutio, Nzioka."

"Wewe ulilala kazini," akasema, akaendelea kula.

Sasa mtaniuliza: uliyasikia hayo yote mwaka baada ya mwaka, mbona uliendelea kuamini habari za ufunguo? Ndiyo aibu ya kurasa hizi. Niliwachukulia wale watu kuwa ni wachache waliorukwa. Nilijiambia, aliyepewa nyumba yuko nyumbani kwake ametulia, hana sababu ya kuja ukumbini kutafuta biskuti za bure. Tena nilikuwa na ushahidi. Waziri mkuu wao akishindwa uchaguzi, kesho yake anatoka katika nyumba ya serikali na masanduku, na mwingine anaingia. Nikasema, ndiyo hayo hayo ya Mwania, kura na nyumba vinakwenda pamoja. Mtu akishaamua kuamini, hata kinachompinga atakifanya shahidi wake.

Kazi iliyonichosha kuliko zote ilitoka mji mmoja wa kaskazini. Kulikuwa na mama, msemaji nambari tano. Alikuwa amekaa nyumba ya kupanga miaka kumi na tisa, akalea watoto watatu humo, akapanda maua. Mwenye nyumba alikuwa amefariki, na warithi walikuwa wanauza. Amepewa miezi miwili ahame. Mwulizaji akamwuliza, kwa hiyo utampigia nani kura? Mama hakujibu. Nilidhani mashine imezima. Haikuwa imezima. Nilisikia saa ya ukutani, nikasikia mtu akiweka kikombe chini polepole. Nikaruka hadi sauti iliyofuata.

Bi Zuhura alisoma ukurasa wangu.

"Baada ya swali hili pana nini?"

"Hapana kitu. Amenyamaza."

"Kwa muda gani?"

Nikarudi nikapima. Sekunde arobaini.

"Basi iandike," akasema. "Ameulizwa, na hilo ndilo jibu lake."

Niliandika: kimya, sekunde arobaini. Siku hiyo nilifika nyumbani nimechoka kana kwamba nimembebea yule mama makabati yake yote mgongoni, kutoka mji wao hadi Machakos. Mke wangu aliniuliza nimefanya nini. Nikamwambia, nimekaa kwenye kiti.

Mwikali alikuwa ameondoka kwenda Uingereza miaka hiyo hiyo niliyoanza kazi. Ndiye kitinda mimba wetu, baada ya mimi, Nzioka na Kimanzi. Alikwenda kutunza wazee wa huko, wasioweza kuoga wala kula wenyewe. Kabla ya kuondoka alitupeleka sote upande wa juu wa shamba, karibu na kisima, akachora kwa kijiti pale jiko litakapokuwa na pale atakapolala. Alisema atafanya kazi, arudi ajenge hapo. Nzioka alimwambia jiko lake litajaa moshi kwa sababu ya upepo. Akahamisha kijiti.

Baada ya miaka kama sita akanitumia picha kwa simu. Amevaa koti refu, amesimama mbele ya nyumba ya matofali, mkono umeshika kitasa cha mlango. Mlango ulikuwa mwekundu, wa kung'aa. Chini aliandika maneno mawili: niko salama. Miaka mitano ilikuwa imepita, mlango una rangi ya chama, na uchaguzi wao nilikuwa nimeuchapa mwenyewe, najua nani alishinda. Niliipeleka picha studio ikachapishwa kubwa, nikaitia fremu, nikaitundika kwa mwaitu, maana hivyo ndivyo tunavyomwita mama, ukutani juu ya redio.

"Ndiyo nyumba yenyewe?" mama akauliza.

"Ndiyo aliyopewa."

"Iko na vyumba vingapi?"

"Vinne," nikasema.

Sijui vinne nilivitoa wapi. Mwaka uliofuata vilikuwa sita. Mama aliwaambia wa kanisani, wa kanisani wakaambia soko, na habari iliponirudia mimi mwenyewe ilikuwa na bwawa la kuogelea. Sikuikata. Nilifurahi kuona imestawi.

Baba alipofariki, tulikaa kugawana shamba. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye kazi ya kuandika, nilikaa na daftari. Ndiyo heshima niliyopewa katika ukoo wetu, na niliipenda.

"Mwikali ako na nyumba ya serikali ya wenyewe," Nzioka akasema. "Hapa atafanya nini, ahesabu mbuzi kwa simu?"

"Ni mtoto wangu pia," mama akasema.

"Hakuna anayekataa, mwaitu. Lakini amepewa huko. Sisi nani ametupa?"

Mama akanigeukia mimi, niliyesoma, ninayewasikia Wazungu kila siku masikioni. "Ni kweli hatahitaji?"

"Mwaitu," nikasema, "ana vyumba sita."

Mama aliangalia ile picha, akasema haya, kama amepewa. Kimanzi akasema upande wa kisima basi uwe wake yeye. Nikampigia Mwikali palepale, wote wanasikia. Sikumwuliza. Nilimweleza tulivyoamua. Alinyamaza, kisha akasema, "Sawa." Nami, mtu niliyefundishwa kwamba kimya kinaandikwa, nikaandika katika daftari: amekubali.

Orodha ikakaa. Savea, yule mpima ardhi, ni mtu wa kungojewa, na makaratasi ya marehemu yanatembea kwa miguu. Miaka ikapita, Bi Zuhura akastaafu, mkaja nyinyi na hedifoni zisizo na waya. Mwaka jana Kevo akaniita mezani kwake. Huyu ni kijana wa Syokimau, mnamjua, maneno yake mengi hata mimi ningehitaji pedali.

"Mzae, huyu msemaji amenilemea. Naeka 'haisikiki' dakika nzima."

Nikavaa hedifoni. Alikuwa mwanamke, na alizungumza Kiingereza, lakini ni Kiingereza kilichozaliwa vilimani huku kwetu. Kila neno nililitambua kama ninavyotambua njia ya kwenda nyumbani.

"Huyu ni Mkamba, Kevo."

"Acha. Mkamba amefika huko kufanya nini?"

"Kulalamikia kodi, kama wenzake."

Nilimwambia aondoke kitini, nikaichapa mimi. Hakuwa Mwikali. Nilirudisha sauti mara mia mbili kuhakikisha. Lakini naye alitunza wazee. Alisema analala chumba kimoja na mwenzake wa zamu nyingine. Huyu akiingia, yule anatoka, na kitanda hakipati nafasi ya kupoa. Mwulizaji akamwuliza kama watu wa kwao wanajua. Akacheka kidogo. Alisema kwao wanaamini ana nyumba. Mwanzoni alitaka kuwaambia, lakini wangesema ameshindwa hata na Ulaya, na sasa miaka imekuwa mingi, amechoka, ameacha waamini.

Niliichapa dakika ile bila kuacha hata neno moja. Kevo akasema, "Mzae uko sawa?" Nikamwambia vumbi la mabati linapanda kutoka dukani.

Mnadhani nilimpigia Mwikali. Nilipanga nimpigie Jumapili. Jumapili kama mia nne zikapita ndani ya mwaka mmoja, na kila moja nilikuwa na sababu. Ningemwuliza nini? Na akinijibu, daftari ningelipeleka wapi? Ni rahisi kusikiliza watu wa mbali. Mguu wako uko kwenye pedali, ukichoka unaachilia.

Mwezi niliostaafu, Mwikali akarudi. Alikuja na masanduku mawili, mgongo umeinama kidogo kwa kuinua wazee wa watu, akalala katika chumba kando ya jiko la mama. Hakuna aliyemwuliza atakaa hadi lini. Nzioka aliwaambia majirani amekuja likizo. Wiki hiyo hiyo savea naye akafika, na mawe ya mipaka yakapangwa kando ya ua, tayari kuzikwa. Mimi nilikuwa na daftari langu.

"Tusimcheleweshe bwana savea," Nzioka akasema. "Soma orodha."

Nikasoma. Savea akanyoosha mkono juu. "Na kule kisimani ni kwa nani?"

"Kwa Kimanzi," Nzioka akajibu.

Mwikali alikuwa ametuletea chai. Aliweka sinia juu ya jiwe moja la mpaka, akaanza kumimina, wa kwanza savea, kama inavyopaswa. Hakuinua macho kuangalia kule kisimani. Nilijikuta nataka kuachilia pedali, kila kitu kisimame na kurudi nyuma kidogo. Mguu wangu uliinuka kutoka kwenye mchanga mtupu, na kila kitu kikaendelea kwenda mbele. Nikafunga daftari, nikafanya kile ambacho sikuwa nimekifanya tangu mlango ule uingie katika simu yangu. Nilimwuliza.

Mwisho wake nawaambieni mapema, ili msibaki mnaniuliza kwenye ngazi. Kimanzi ndiye aliyezungumza kwanza, akasema upande wa kisima si wake. Nzioka alikaa juu ya jiwe, na chai yake ikapoa. Savea aliondoka bila kuzika hata jiwe moja, akarudi wiki iliyofuata kugawa mara nne badala ya tatu. Orodha yangu ya zamani niliichana. Mwikali amepima jiko lake kwa hatua na ameliweka palepale Nzioka alipotaka, mbali na upepo. Picha bado iko ukutani. Mama amekataa iondolewe, anasema mlango ni mzuri.

Mimi ndiye nisiyejua pa kujiweka. Nimesikiliza watu wa nchi nzima wakilia juu ya nyumba, nikawaandikia hadi vikohozi vyao, na mtu mmoja tu sikumsikiliza, ambaye hata hedifoni hakuhitaji. Kwa hiyo msinishukuru kwa kurasa hizi. Chukueni tu haya ya mwisho, nimeyaandika jinsi Bi Zuhura alivyonifundisha, bila kunyoosha na bila kumwondolea mtu neno lake.

Musyoka: Mwikali, ile nyumba ya mlango mwekundu ulipewa lini?

Mwikali: [Kimya, sekunde ishirini.]

Mwikali: Kule hakuna mtu anapewa nyumba, Musyoka. Huo mlango ni wa nyanya mmoja niliyekuwa namwogesha. Mimi nilikuwa napanga chumba. Kodi ikipanda nahama, nikishahama inapanda tena.